Hermann von Helmholtz: daktari wa jeshi aliyeijua siri ya boksi la sabufa

Siku ya mnada mjini Karatu huna haja ya kuuliza ni Noah ipi iliyofungwa sabufa. Utaisikia kabla hujaiona. Kifua kinagongwa, vioo vya maduka vinatetemeka, na kibao cha namba nyuma ya gari kinalia kama kifuniko cha sufuria. Lakini ipo gari nyingine, yenye sabufa ya inchi zilezile na amplifaya ya bei ileile, inayotoa kishindo kikavu kama mtu anayegonga debe tupu. Mwenye gari ametoa fedha za vitunguu vya msimu mzima na hakupata alichokitaka. Fundi anamlaumu muuza spika, muuza spika anamlaumu fundi.

Swali linalotufikia kwa ujumbe wa simu ni hilo: kwa nini spika moja ingurume ndani ya boksi hili na ikohoe ndani ya lile? Na kwa vile siku hizi vijana wanataka boksi la faiba linalojificha kwenye kona ya buti, ili nafasi ya mizigo ibaki, swali limezidi kuwa gumu. Boksi la mbao unaweza kulipima kwa futikamba. La faiba lina mabonde na matuta kama njia ya kushukia kreta.

Tumeona tulijibu kwa kusimulia maisha ya mtu aliyelitatua. Jina lake ni Hermann von Helmholtz, Mjerumani, na jibu lake alilichapisha mwaka 1863, wakati duniani hapakuwa na spika wala gari la kuifunga.

Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1821 katika mji wa Potsdam, karibu na Berlin, akiwa mtoto wa kwanza wa mwalimu wa sekondari. Utotoni aliugua mara kwa mara. Shuleni hakuwa hodari wa kukariri, na wenzake walipokuwa wakisoma Kilatini yeye alikuwa chini ya dawati akipiga hesabu za miale ya mwanga. Alitaka kusomea fizikia. Baba yake alimweleza ukweli ambao wazazi wengi wa Rhotia na Endabash wanaujua: mshahara wa mwalimu hautoshi kumsomesha mtoto somo lisilo na ajira ya uhakika.

Serikali ya Prussia ilikuwa na chuo huko Berlin kilichofundisha udaktari bure, kwa sharti moja. Ukimaliza, unalitumikia jeshi miaka minane. Helmholtz aliingia mwaka 1838 akiwa na miaka 17. Alikwenda na piano yake, na aliipiga katikati ya masomo ya mifupa na mishipa. Hakuwa amechagua udaktari, lakini udaktari ndio uliomfundisha jinsi jicho na sikio vinavyofanya kazi, jambo ambalo wanafizikia wa wakati wake wengi hawakulijua. Hata kazi yake kubwa ya sauti ilianzia sikioni.

Alipata digrii mwaka 1842, na mwaka uliofuata akawa daktari wa kikosi huko Potsdam. Ndani ya kambi alijitengenezea maabara ndogo. Mwaka 1847, akiwa hajatimiza miaka 26, aliandika kuhusu nguvu: kwamba haizaliwi kutoka patupu wala haipotei, inabadilika sura tu. Mhariri wa jarida kubwa la fizikia alikataa kuichapa kazi hiyo, ikabidi itoke kama kijitabu. Leo kila mwanafunzi wa sekondari anaisoma kanuni hiyo. Mwenye sabufa naye anaisoma kwa njia yake, kwa sababu amplifaya haizai nguvu. Inachota kwenye betri, betri inachota kwenye altaneta, altaneta kwenye injini, na injini kwenye tangi la mafuta. Besi ya bure haipo.

Kazi hiyo ilimfungulia mlango. Mwaka 1848, kwa msaada wa mwanasayansi mashuhuri Alexander von Humboldt, jeshi lilimwachia kabla ya muda wake. Mwaka 1849 akawa profesa huko Königsberg, mji ambao leo uko Urusi na unaitwa Kaliningrad, na mwaka huohuo akamwoa Olga von Velten. Hapo alipima mwendo wa taarifa kwenye mshipa wa fahamu wa chura, jambo ambalo hata mwalimu wake hakuamini kwamba lingepimika. Akapata karibu mita 30 kwa sekunde, chini sana kuliko watu walivyodhani. Halafu akatengeneza kifaa cha kutazama ndani ya jicho la mtu aliye hai. Cha kwanza alikiunga mwenyewe kwa karatasi ngumu, gundi, lenzi za miwani na vioo vidogo vya darubini. Ukienda leo hospitali ukamulikwa jicho na daktari aliyekusogelea mpaka pumzi zenu zikakutana, kifaa alichoshika ni kizazi cha kile. Mafundi wanaodharauliwa kwa kuunganisha vitu vya kuokota wana mwenzao hapo.

Baridi ya Königsberg haikumfaa Olga, aliyekuwa na ugonjwa wa mapafu. Familia ilihamia Bonn mwaka 1855, kisha Heidelberg mwaka 1858. Kuhama hakukusaidia. Olga alifariki Desemba 1859, akamwacha mumewe na watoto wawili wadogo. Miaka hiyo ndiyo Helmholtz alikuwa katikati ya utafiti wake wa sauti. Alimwoa Anna von Mohl mwaka 1861, na mwaka 1863 kikatoka kitabu chake kikubwa kuhusu jinsi sikio linavyopokea muziki.

Vifaa alivyotumia vilikuwa vyepesi kueleweka. Alikuwa na matufe matupu ya kioo na ya shaba, makubwa kwa madogo. Kila tufe lilikuwa na mdomo upande mmoja, na upande wa pili ncha ndogo ya kuchomeka sikioni, iliyozibwa kwa nta ili hewa isipite pembeni. Muziki ukipigwa, tufe moja lilinyamaza kwa sauti zote isipokuwa moja. Sauti yake ikifika, linavuma sikioni kwa nguvu. Kwa matufe mengi alichambua sauti ya mtu au ya ala, kama mama anavyochambua mchele na chuya.

Sababu yake kila mtoto aliyetumwa bombani ameisikia. Chukua dumu tupu, pulizia hewa juu ya mdomo wake: linatoa mvumo mzito. Litie maji mpaka nusu, pulizia tena: mvumo umepanda. Hewa iliyobaki ndani ni kidogo, na hewa kidogo ni kama springi ngumu. Hewa iliyo kwenye shingo ya dumu ni kama mzigo juu ya springi hiyo, unaopanda na kushuka. Springi ngumu hucheza haraka, sauti inakuwa nyembamba. Springi laini hucheza polepole, sauti inakuwa nzito. Shingo ikirefushwa, mzigo umeongezeka, sauti inashuka. Mdomo ukipanuliwa, sauti inapanda.

Ndani ya tufe, chupa au dumu, kinachoamua ni ujazo wa hewa pamoja na upana na urefu wa shingo. Kama chombo kina mabonde, kimelala au kimesimama, karibu haidhuru. Kwa mwenye kutaka boksi la faiba, hii ndiyo habari njema. Wimbi la besi ya mitetemo 40 kwa sekunde lina urefu wa zaidi ya mita 8, refu kuliko Noah yenyewe. Wimbi la namna hiyo halioni kona za boksi. Linahesabu lita tu.

Tuitie namba. Boksi la lita 50, lenye bomba la hewa la kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa sentimita 25, litavuma kwenye mitetemo karibu 38 kwa sekunde. Hiyo ni besi nzito, ile inayosikika tumboni. Fundi akilibana boksi hilo mpaka lita 25 ili likae vizuri nyuma ya tairi, na bomba akaliacha lilelile, mvumo unapanda hadi karibu 54. Spika ni ileile, fedha ni zilezile, lakini besi ya chini imeondoka. Hapo ndipo kishindo cha debe tupu kinapozaliwa, na hapo ndipo fundi na muuza spika wanapoanza kugombana.

Sifa za Helmholtz zilisafiri mbali, wakati mwingine kwa makosa. Alexander Graham Bell alikitazama kitabu chake bila kukijua vizuri Kijerumani, akaona michoro ya nyuma za sauti zikitikiswa kwa umeme, akadhani Mjerumani huyo ameshapeleka sauti ya mtu kupitia waya. Hakuwa amefanya hivyo. Lakini Bell aliamini jambo hilo linawezekana, akaendelea, na mwaka 1876 akapata hataza ya simu. Unayesoma haya kwenye simu yako umefaidika na kosa hilo.

Redio nayo ina deni kwake. Mwaka 1871 alihamia Berlin kuwa profesa wa fizikia, somo alilolikosa ujanani. Mwanafunzi wake mmoja, Heinrich Hertz, alisukumwa naye kulishughulikia tatizo la mawimbi ya umeme, na kati ya 1886 na 1888 akaonyesha kwamba mawimbi hayo yapo na husafiri hewani. Bila hayo tusingekuwa na kituo cha redio. Jina la Hertz ndilo linalotumika kuhesabu mitetemo, na limeandikwa nyuma ya kila spika iuzwayo.

Alipewa cheo cha ukabaila mwaka 1883, ndipo likaongezwa lile neno von. Baadaye akawa rais wa kwanza wa taasisi ya taifa ya vipimo huko Charlottenburg. Mwaka 1892, wakati Oscar Baumann, Mzungu wa kwanza kuandikwa kufika kreta ya Ngorongoro, alipokuwa akipita nyanda hizi zetu, Helmholtz alikuwa mzee wa miaka 70, na huzuni ilikuwa imeshaingia nyumbani kwake. Mwanawe Robert, aliyesomea fizikia kama baba, alikuwa amefariki mwaka 1889. Hertz naye alifariki tarehe 1 Januari 1894, akiwa na miaka 36 tu, na mwalimu akaandika utangulizi wa kitabu cha mwisho cha mwanafunzi wake. Kabla ya hapo, mwaka 1893, Helmholtz alikuwa amesafiri hadi Chicago kwenye mkutano wa umeme. Wakati wa kurudi alianguka kwenye ngazi za meli akaumia kichwa. Hakupona sawasawa. Alifariki tarehe 8 Septemba 1894.

Spika ya kisasa, yenye koili inayocheza ndani ya sumaku, ilikuja mwaka 1925 kwa kazi ya Wamarekani Rice na Kellogg. Mwaka 1932 Albert Thuras alipata hataza ya boksi lenye tundu la hewa, yaani tufe la Helmholtz lililofungwa spika. Mwaka 1954 Edgar Villchur akaonyesha njia nyingine, boksi lililozibwa kabisa, ambamo hewa yenyewe ndiyo springi ya spika. Kuanzia mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia, na baada yake Richard Small, waliandika hesabu zinazotumika mpaka leo. Ndizo zile herufi ndogo na namba kwenye karatasi ya spika, ambayo wengi wetu tunaitupa pamoja na katoni. Isitupwe. Ndiyo inayosema spika hiyo inataka lita ngapi.

Sasa turudi kwenye buti. Fundi wa faiba hufunika kona ya gari kwa selotepu na nailoni, halafu hupandisha tabaka za mkeka wa nyuzi zilizolowa rezini, moja juu ya nyingine. Zikikauka, huchomoa umbo lililoshika kila mkunjo wa gari. Mbele huweka duara la mbao la kushikia spika, hutandaza kitambaa kilichovutwa kama ngozi ya ngoma, hukilowesha rezini, na kuongeza tabaka kwa ndani. Ukuta mwembamba ni hasara, maana unacheza na kula besi. Gonga kwa kifundo cha kidole: ukilia kama ndoo ya plastiki, ongeza tabaka. Asubuhi za Karatu ni za baridi, na huko juu ukingoni mwa kreta ni zaidi, kwa hiyo rezini huchelewa kushika. Wapo wanaoongeza hadina ovyo ili wawahi. Rezini inachemka yenyewe, inapasuka, hata kutoa moshi. Bora kusubiri jua. Na barakoa ivaliwe wakati wa kupiga msasa, kwani vumbi lile ni nyuzi za kioo zinazokwenda mapafuni.

Kabla ya kulifunga, pima lita. Futikamba haitasaidia, lakini debe lipo, na debe ni lita 20. Weka mfuko wa nailoni ndani ya boksi, jaza mahindi mpaka kwenye duara la spika, kisha yamimine kwenye debe. Madebe mawili na nusu ni lita 50. Toa nafasi itakayoliwa na spika na bomba, linganisha na karatasi, na kama lita zimepungua, ongeza urefu wa boksi kuelekea mbele wakati faiba bado inakatika kwa msumeno. Mahindi hayo yasirudi jikoni, harufu ya rezini haifai kuliwa. Na yahesabiwe kutoka kama yalivyoingia, maana punje moja ikibaki ndani italia kila besi inapopiga, na fundi atafungua milango yote ya gari akitafuta kinachogonga.