Titus Salt, Mwenye Kiwanda cha Sufu

Twawaletea habari za Titus Salt wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1803. Mwaka 1836, katika bandari ya Liverpool, aliona marobota ya sufu ya alpaka, mnyama wa Peru, nayo haikuwa na wanunuzi. Akainunua, akatafuta njia ya kuisokota na kuifuma, akatajirika sana.

Mwaka 1848 akawa meya wa Bradford, mji wenye moshi mwingi na maji machafu. Mwaka uliofuata kipindupindu kikaua watu wengi. Basi akajenga kiwanda kipya nje ya mji, kando ya mto Aire, kilichofunguliwa mwaka 1853. Baadaye zikaongezeka nyumba zaidi ya 800 za wafanya kazi wake, na shule, na hospitali. Mahali pale pakaitwa Saltaire, na vilabu vya pombe akavikataza. Mwaka 1859 likamalizika kanisa alilolijenga kwa mali yake, likitazamana na kiwanda. Mwaka ule ule akachaguliwa kuingia Bungeni, lakini mwaka 1861 akajiuzulu kwa ajili ya afya yake.

Hatusemi kwamba hakuwa na kasoro. Watoto walifanya kazi nusu ya siku kiwandani mwake, na kanuni za mji zilikuwa zake peke yake. Walakini alipokufa mwaka 1876, watu wapatao 100,000 walisimama njiani kumsindikiza, kwa kuwa sehemu kubwa ya mali yake alikwisha kuigawa angali hai. Nasi tujiulize: je, twangoja mauti ndipo tutoe?