Askofu Edward Steere na Kundi Dogo la Masasi

Watu wengi hulijua jina la Askofu Edward Steere kwa ajili ya vitabu vyake vya Kiswahili, na kwa ajili ya Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja. Lakini sisi tukaao Matambarale, kaskazini ya njia aliyopita kutoka Lindi, tuna sababu nyingine ya kumkumbuka. Yeye ndiye aliyelileta bara kundi dogo la Wakristo, akaliacha lisali pamoja katikati ya watu waliokuwa hawajasikia Injili.

Alizaliwa London mwaka 1828, akasoma sheria hata akawa wakili. Kazi ile haikuushika moyo wake. Alijiunga na chama cha Wakristo waliosaidiana katika sala na katika kuwahudumia maskini, kisha akajaribu kuanzisha undugu wake mwenyewe katika mji wa Tamworth, ndugu wakae pamoja, wasali pamoja, na kuutumikia mji. Undugu ule haukudumu. Msomaji asilipite jambo hili upesi, maana mtu aliyeona kundi lake la kwanza likivunjika hulijua kundi la pili kwa macho mengine.

Akapewa ushemasi mwaka 1856, akawa padre wa vijijini. Mwaka 1863 akaja Afrika pamoja na Askofu Tozer. Walijaribu kwanza nchi ya mto Shire, wakashindwa, na mwaka 1864 wakafika Unguja. Hapo Steere akajifunza Kiswahili kwa subira nyingi kutoka kwa wenyeji wenyewe, akakipiga chapa, akatafsiri Maandiko na sala. Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, akasimamia ujenzi wa kanisa mahali pale pale. Mwaka 1874 akawekwa kuwa Askofu.

Sasa, watumwa waliokombolewa baharini walikuwa wengi Unguja, na wengine walitoka huku bara. Askofu aliona ya kuwa haifai wakae daima kama wageni kisiwani. Basi mwezi wa Oktoba mwaka 1876 akaondoka na wanaume na wanawake zaidi ya hamsini, wakashuka Lindi, wakapanda kwa miguu. Nia yake ilikuwa kufika mbali zaidi, kuelekea Nyasa. Walipofika Masasi, penye majabali makubwa, watu wakaona maji, na udongo mzuri, wakataka kukaa papo hapo. Askofu aliweza kuwashurutisha waendelee. Hakufanya hivyo. Aliwakubalia, akawapimia mashamba na mahali pa kijiji, akarudi Unguja, akamwacha W. P. Johnson awatunze.

Fikirini hali yao. Walikuwa wachache, wa makabila mbalimbali, kila mmoja amekatwa na jamaa yake, na majirani hawakujua ni watu gani. Kilichowafanya kuwa kijiji kimoja ni sala walizosali pamoja kwa Kiswahili, lugha ambayo kwa wengi wao haikuwa ya mama zao. Mimi niliyezoea kukutana jioni na jamaa chache kuuombea mtaa wetu, mara nyingine tukiwa watano tu kwa sababu ya mvua, siwezi kusoma habari hizi bila kuwaonea wale fahari. Mwaka 1877 akaja Chauncy Maples, na kazi ikaanza kuenea kwa majirani.

Askofu Steere alifariki Unguja usiku, usingizini, mwezi wa Agosti mwaka 1882, akazikwa katika kanisa lake, nyuma ya altare. Hakuliona lililofuata. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Magwangwara waliishambulia Masasi. Wengine waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, nyumba zikateketea. W. C. Porter alikwenda kwa miguu mpaka nchi ya Magwangwara kuwakomboa waliotekwa. Baadhi ya Wakristo walihamia Newala pamoja na Maples, na makao ya misheni yakahama nao.

Lakini kundi halikuvunjika kama lile la Tamworth. Masasi ilirudiwa. Ikachomwa tena katika vita ya Majimaji mwaka 1905, ikajengwa tena. Na mwaka 1926, miaka hamsini kamili tangu wale watu waliochoka na safari waseme kwamba wangependa kukaa hapa, Vincent Lucas akawekwa kuwa Askofu wa kwanza wa Masasi.