Mwalimu Alipoomba Kusoma

Wengi wetu wa Butiama tunamkumbuka Mwalimu Julius Nyerere akiwa Rais. Mwaka huu tumeona tumkumbuke akiwa bado anahangaikia nafasi ya masomo.

Alizaliwa 1922, mtoto wa Mtemi Burito, akaanza shule Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12. Ikafuata Tabora, kisha Makerere, alikopata cheti cha ualimu, si shahada. Alikuwa akifundisha St. Mary's, Tabora, Padri Richard Walsh alipomsaidia kutafuta ufadhili. Ukapatikana. Mwaka 1949 akavuka bahari hadi Edinburgh, akasoma uchumi, historia, sheria ya katiba, anthropolojia na falsafa. Alirudi 1952 na shahada ya M.A., ambayo kwa Scotland ndiyo ya kwanza. Kabla ya kurudi darasani alikuja nyumbani kujenga nyumba, tope mikononi, msomi wa Ulaya!

Ndugu zetu, wapo vijana wetu wenye shahada wanaotaka kuendelea na sera za umma na sayansi za jamii. Wanakwama kwenye ada ya maombi na nauli ya kufuatilia vyeti. Bahasha iliyomo humu ni kwa ajili yao.