Émile Baudot, mtoto wa mulimaji mwenye jina lake lilibakia ndani ya mashini

Kuunga terminali na ordinatere ya zamani kama PDP-8, zile za miaka ya 1960, waya peke yake haitoshi. Pande zote mbili lazima zikubaliane mwendo. Teletype Model 33 inakwenda kwa baudi 110: kila herufi inakula alama 11, basi herufi 10 zinapita kila sekunde. Upande moja ukiwekwa kwa 110 na mwingine kwa 300, kinachotoka ku karatasi ni fujo tupu. Na hiyo "baudi" ni jina la mtu.

Émile Baudot alizaliwa tarehe 11 Septemba 1845 ku Magneux, kijiji cha Ufaransa, upande wa mashariki. Baba yake alikuwa mulimaji. Masomo yake yalikoma ku shule ya msingi ya kijiji, kisha akalima na baba yake. Mu mwaka wa 1869 akaacha shamba, akaingia kujifunza kazi ku telegrafu ya serikali. Vita ya 1870 na Wajerumani ikamupeleka jeshini. Kisha vita akarudia kazi, Paris.

Shida aliyoikuta ni hii: waya inaenda mbali, inagharimu makuta mengi, lakini muda mwingi inakaa bure ikingoja vidole vya mutu moja. Wakubwa wake walimutia moyo atafute dawa, ila mu saa zake mwenyewe, nje ya kazi. Njo alifanya vile. Mu 1874 akaandikisha uvumbuzi wake. Kila herufi aliipa alama tano, kila alama ni ya namna mbili tu, na kwa hiyo zinapatikana namna 32. Tena waya moja wakaigawana watumaji wengi kwa zamu, kila mmoja na kipande chake kidogo cha sekunde. Mtumaji alikuwa na vitufe vitano tu, viwili kwa mukono wa kushoto, vitatu kwa kuume, na ilimupasa kusikiliza mulio wa mashini. Ukichelewa, zamu imekupita.

Mu 1877 wakaijaribu kati ya Paris na Bordeaux. Mwaka uliofuata, maonyesho makubwa ya Paris yakamupa medali ya zahabu.

Haikuwa furaha tupu. Mfanyakazi mwenzake wa telegrafu, Mimault, alidai kwamba alama tano ni akili yake, na maneno yakafika mbele ya waamuzi. Leo ni wachache wanaojua hata jina la huyo Mimault. Baudot naye alikuwa mugonjwa tangu miaka ya kwanza ya kazi, na mara nyingi alikosa kazi juu ya ugonjwa. Alikufa Sceaux, karibu na Paris, tarehe 28 Machi 1903, akiwa na miaka 57.

Mu miaka ya 1920 watu wa telegrafu wa inchi nyingi wakaita kipimo cha mwendo wa alama kwa jina lake. Teletype 33 yenyewe haitumii tena zile alama zake tano. Inatumia saba za ASCII. Lakini mwenye kuiunga na PDP-8 anauliza kwanza: ni baudi ngapi?