Dunlop: Daktari wa mifugo aliyelijaza tairi upepo

MWENYE gari dogo pale Likombe, katika Manispaa ya Mtwara-Mikindani, akienda dukani kununua tairi hutajiwa majina mengi. Mojawapo ni Dunlop. Wengi hudhani hilo ni jina la kiwanda tu, kumbe ni la mtu, tena daktari wa mifugo.

John Boyd Dunlop alizaliwa Februari 5, 1840 katika familia ya wakulima huko Dreghorn, Scotland. Alisomea utabibu wa mifugo Edinburgh, na mwaka 1867 akahamia Ireland. Baadaye alikuwa na wateja wengi mjini Belfast, hasa wenye farasi.

Enzi hizo magurudumu yalivishwa chuma au mpira mgumu usio na upepo, na barabara za mawe za Belfast zilimtikisa kila msafiri. Mwaka 1887 mtoto wake wa kiume alikuwa akiendesha baiskeli ya magurudumu matatu. Dunlop alichukua mpira mwembamba, akautengeneza tyubu, akaufunika kwa kitambaa kigumu kwenye duara la mbao, kisha akaujaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu. Alilibingirisha uani sambamba na gurudumu la mpira mgumu. La mpira mgumu lilisimama njiani. La upepo lilifika hadi getini na kurudi nyuma.

Alipata hataza mwaka 1888. Mei 1889 mwendesha baiskeli Willie Hume alishinda mashindano mjini Belfast akiwa na matairi hayo, ambayo watu walikuwa wakiyacheka kwa unene wake. Mfanyabiashara Harvey du Cros aliona fedha hapo, na mwaka huohuo kampuni ikaanzishwa Dublin.

Pigo likaja mwaka 1890. Ilibainika kuwa Mskochi mwingine, Robert William Thomson, alikwishapata hataza ya wazo hilohilo mwaka 1845, nayo hataza ya Dunlop ikakosa nguvu. Zaidi ya hapo, matairi yake ya kwanza yaligundishwa kwenye rimu, hivyo kuziba pancha ilikuwa kazi ya kumtoa fundi jasho. Kampuni iliokolewa na hataza za watu wengine wawili, Welch na Bartlett, zilizowezesha tairi kuvuliwa na kurudishwa. Tairi nzuri ambayo fundi wa jirani hawezi kuitengeneza ni hasara, iwe Belfast au Mtwara.

Mahitaji ya mpira yalipanda duniani. Bandari za kusini, Mikindani ikiwemo, zilikuwa zikisafirisha mpira wa mwitu uliotokana na mibungo ya porini. Huko Kongo, chini ya Mfalme Leopold II, maelfu kwa maelfu waliteswa na kuuawa kwa ajili ya mpira huo.

Dunlop mwenyewe hakutajirika sana. Alijitoa kwenye kampuni mwaka 1895. Mwaka uliofuata Du Cros aliiuza kwa pauni milioni 3 za Uingereza. Mwaka huohuo wa 1895 ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, walikuwa wamekwishaonyesha kuwa tairi la upepo linafaa kwa gari pia, katika mashindano ya Paris na Bordeaux.

Kanuni ya pale uani haijabadilika: kinachobeba gari ni upepo. Tairi lenye upepo pungufu hupata joto, hula mafuta na hupasuka. Kiwango chake huandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kwa anayenunua tairi za mtumba, kashata nene pekee hazitoshi, kwani mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Ubavuni zipo tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nyufa ndogo ubavuni ni sababu tosha ya kuliacha hata likiuzwa bei ya kutupa.

Dunlop alifariki dunia Dublin, Oktoba 23, 1921, akiwa na umri wa miaka 81. Kwa miaka mingi baadaye haki za jina lake ziligawanywa kwa kampuni tofauti katika nchi tofauti, hivyo matairi mawili yenye jina hilo huenda yalitoka viwanda visivyo na uhusiano wowote.