William Percival Johnson wa Liuli: Neno Lililoeleweka Ziwani

Soma kwa ajili ya somo hili: Nehemia 8:1-8, Mithali 18:13, Matendo 2:5-8, 1 Wakorintho 14:6-11, Yakobo 1:19.

Msafiri anayetoka Mbinga mjini kwenda ziwani huacha nyuma milima ya Wamatengo yenye kahawa na mashamba ya ngoro, hushuka kona baada ya kona, na hatimaye Ziwa Nyasa hujitokeza mbele yake pale Mbamba Bay. Akifuata ufuko kuelekea kaskazini hufika Liuli. Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba wa pale bandarini ambao kwa mbali unafanana na sanamu ile maarufu ya Misri. Hapo Liuli ndipo lilipo kaburi la William Percival Johnson, aliyefariki Oktoba 1928 baada ya kuishi Afrika miaka 52.

Johnson hakuwa Mwadventista. Alikuwa kasisi wa Kianglikana katika misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo wazee wa ziwani bado wanaijua kwa herufi zake, UMCA. Yako mambo aliyoyafundisha ambayo darasa la Shule ya Sabato lisingekubaliana naye, na somo hili haliyagusi. Linahusu jambo moja ambalo viongozi wetu wa makanisa wanalihitaji sana: namna mtu mmoja alivyojitaabisha miaka mingi ili anachosema kieleweke na yule anayeambiwa.

Alizaliwa mwaka 1854 katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, akasoma Oxford. Njia yake ilikuwa imeelekea kwenye utumishi wa serikali huko India. Kisha alimsikia Askofu Edward Steere wa Zanzibar akizungumza juu ya kazi ya Afrika Mashariki, akabadili nia. Mwaka 1876 akaingia melini kuja Zanzibar.

Inafaa kumtazama kidogo huyu Steere, kwa maana ndiye aliyekuwa kiongozi wake wa kwanza. Steere alifika Zanzibar mwaka 1864, na badala ya kuanza kwa kuhubiri alianza kwa kujifunza Kiswahili kwa Wazanzibari wenyewe. Aliandika hadithi walizomsimulia, akazichapisha kwa mtambo wa misheni, akatunga kitabu cha sarufi, na juu ya kazi hiyo ndipo akaanza kutafsiri Maandiko. Mtu aliyelelewa na kiongozi wa namna hiyo hujifunza mapema kwamba msemaji huanza kazi akiwa mwanafunzi. Mithali 18:13 inamtaja mtu anayejibu kabla ya kusikia, wala haimsifu.

Mwaka huohuo wa 1876 Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani, kutoka Zanzibar kupitia Lindi, akitaka wakaanzishe makazi karibu na nchi walizonyakuliwa. Walikaa Masasi, na Johnson alikuwa pamoja nao. Kundi lile lilikuwa na Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine, na kila mmoja alikuwa na lugha ya mama yake chini ya Kiswahili alichokipata Zanzibar. Kijana aliyetoka Oxford na Kilatini chake alijikuta kuwa mmoja wa wasiojua kitu.

Kutoka Masasi macho yake yalikuwa kwenye ziwa. Mwaka 1880 alikwenda kukaa Mwembe, mji wa Mataka, chifu mkubwa wa Wayao, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Hapo kuna sehemu ya maisha yake ambayo kila mzee wa kanisa na kila karani afaa kuifikiri polepole. Mji wa Mataka uliishi kwa biashara ya pwani, na biashara hiyo ilikuwa pamoja na watumwa. Johnson aliishi katikati yao, akijifunza Kiyao na kujenga urafiki. Halafu msafara wa watumwa ukakamatwa karibu na pwani. Watu wa Mwembe walijiuliza nani alipeleka habari, na jibu lililokuwa karibu lilikuwa yule Mzungu anayeandika barua ambazo hakuna mtu mjini awezaye kuzisoma. Mali yake ikaporwa, na mwaka 1881 akalazimika kuondoka.

Jambo lenyewe ni zito kuliko linavyoonekana. Kwa upande wa haki, mtumishi wa Injili hawezi kuwa rafiki wa biashara ya watumwa, na Johnson hakuwa. Lakini kwa upande wa mawasiliano, barua inayoandikwa mbele ya watu wasiojua kilichomo huzaa dhana yake yenyewe, iwe ina neno baya au haina. Washiriki wanapoona viongozi watatu wamesimama nyuma ya kanisa wakinong'ona baada ya ibada, nao huandika barua yao vichwani. Huenda wale watatu walikuwa wakizungumzia mafuta ya jenereta tu. Kanisa halitaacha kuzungumza kwa kuwa viongozi wamenyamaza. Litazungumza bila wao.

Kwa darasa: Ni mambo gani ya baraza la kanisa yanayopaswa kubaki siri, na ni yapi tunayoyaficha kwa mazoea tu? Mnatofautishaje?

Johnson hakurudi Uingereza kwa uchungu. Alishika njia nyingine kuelekea ziwani, safari hii akiwa na kasisi aitwaye Charles Janson. Mwanzoni mwa 1882 walifika ufukweni, na muda mfupi baadaye Janson akafa. Johnson akamzika, akabaki.

Ufuko aliouona haukuwa huu wa leo wenye masoko ya dagaa na mihogo iliyoanikwa juu ya miamba. Wavamizi wa Kingoni, waliojulikana huko kama Magwangwara, walikuwa wakishuka kutoka milimani. Mwaka huohuo wa 1882 walivamia hata Masasi. Watu wa ziwani waliishi wamesongamana ndani ya maboma ya miti, wengine juu ya miamba, wengine katika nyumba zilizosimamishwa kwa nguzo ndani ya maji. Mtu aliyezoea kuogopa hafungui masikio kirahisi. Huyatazama kwanza macho ya mgeni, na kuangalia kama atarudi tena.

Kurudi tena ndiyo hoja ambayo Johnson aliielewa mapema. Ufuko ni mrefu, vijiji vinatenganishwa na milima inayoteremka hadi majini, na mhubiri anayepita mara moja husahauliwa. Akawaza meli. Mwaka 1884 alikwenda Uingereza kutafuta fedha za kununulia meli ndogo ya mvuke, akafanikiwa. Meli ilikuja vipande vipande kwa njia ya mto Zambezi na Shire, ikabebwa na watu kupita maporomoko, ikaunganishwa Matope, na mwaka 1885 ikawekwa majini kwa jina la rafiki aliyekufa, Charles Janson.

Mwenye kuiomba hakuweza kuifurahia. Ugonjwa wa macho ulimshika, akapelekwa Uingereza kutibiwa. Jicho moja lilipotea kabisa, na lingine likabaki na nuru kidogo. Alikuwa na umri wa miaka 31 hivi. Kila mtu mwenye busara angemshauri atafute parokia tulivu kwao. Yeye akarudi Nyasa, na kazi yake kubwa yote, ukiwemo utafsiri wa Biblia, aliifanya akiwa katika hali hiyo.

Kisiwa cha Likoma kilikuwa makao makuu ya misheni tangu 1885, chini ya rafiki yake wa Oxford, Chauncy Maples. Lakini Johnson hakuwa mtu wa makao makuu. Maisha yake yalikuwa melini, katika mitumbwi, na kwa miguu kando ya maji. Alishushwa kijijini, akafundisha, akalala hapohapo, akala kilicholiwa, akaendelea kijiji cha pili, na meli ikamkuta mbele. Kisha baada ya muda akaonekana tena palepale. Vijiji vilipata shule ndogo zenye waalimu Waafrika, na Johnson akawa akizungukia shule hizo miaka nenda miaka rudi.

Waalimu hao hawapaswi kuachwa nyuma ya pazia, kama vitabu vingi vya zamani vilivyofanya. Kazi ya ufukweni isingekuwepo bila watu kama Augustine Ambali, aliyekombolewa utumwani, akasomeshwa Kiungani huko Zanzibar, akaja ziwani kufundisha, akawa kasisi, na baadaye akaandika kumbukumbu zake za miaka thelathini huko Nyasa. Mtu huyo alijua habari ya mtumwa na habari ya mwana, na alipozisimulia wasikilizaji wake hawakuhitaji mkalimani. Kiongozi anayeeneza ujumbe kwa kinywa chake peke yake amechagua kinywa kidogo mno.

Sasa lugha. Kando ya ufuko huo kulikuwa na Kinyasa, Kimpoto, Kimanda. Milimani Kimatengo na Kingoni. Katika njia za misafara Kiyao na Kiswahili. Misheni ilikuwa na Kiswahili kilichokwisha kutengenezwa na Steere, pamoja na vitabu vilivyochapwa. Ingekuwa rahisi kuwaambia watu wa ziwani wajifunze hicho kwanza. Johnson alichagua njia ndefu, akaingia katika Kinyanja kama kilivyosemwa Likoma na ufuko wa mashariki, akaanza kutafsiri.

Kutafsiri Biblia si kubadilisha neno kwa neno. Mtafsiri anapofika kwenye neema, agano, au kuhesabiwa haki, hana budi kuuliza watu husema nini mdeni anapoachiliwa, au wagomvi wanapopatana, au mgeni anapopokewa nyumbani. Maswali hayo hayajibiwi na kamusi. Hujibiwa na mvuvi anayeshona nyavu na mama anayetwanga. Na mtu mwenye jicho moja hafifu huwahitaji watu hao mara mbili: wampe neno, na wayatazame maandishi kwa ajili yake. Kazi ilichukua miaka, nyingi yake ikifanyika safarini. Biblia nzima ya Kinyanja hicho ilitoka mwaka 1912. Mwaka mmoja kabla, Chuo Kikuu cha Oxford kilikuwa kimempa shahada ya heshima ya udaktari wa teolojia.

Waadventista wa Tanzania wanao mfano wa karibu katika historia yao wenyewe, Ernst Kotz wa Upare, aliyewapa Wapare Agano Jipya kwa Chasu. Wote wawili walifanya walichofanya Walawi katika Nehemia 8:8, ambao walisoma na kueleza maana hata watu wakafahamu. Fungu hilo linastahili kusomwa pamoja na 1 Wakorintho 14, ambako Paulo anatumia mfano wa tarumbeta yenye sauti isiyotambulika. Askari hakosi ushujaa hapo. Anakosa kujua kama ameitwa vitani au ameitwa chakulani.

Katika makanisa ya Mbinga leo ibada ni kwa Kiswahili, na ni sawa, kwa kuwa vijana wanakijua na wageni wapo. Lakini mama wa miaka themanini aliyeketi benchi la mbele anaweza kuwa anaelewa nusu ya hubiri, na anaitikia amina kwa adabu. Vivyo hivyo mhubiri anayerundika maneno ya Kiingereza ya chuoni ili aonekane amesoma. Tangazo la dakika ishirini kabla ya hubiri nalo ni tarumbeta ya namna hiyo, hata kama kila neno lake ni la Kiswahili fasaha.

Kwa darasa: Chagueni fungu moja la lesoni ya juma hili. Kila mmoja alieleze kwa maneno ambayo bibi yake au mtoto wa darasa la tatu angeyaelewa. Ni neno gani limewashinda, na kwa nini?

Mwaka 1895 Chauncy Maples, akiwa ametoka kuwekwa kuwa askofu, alikuwa akirudi Likoma usiku wakati mashua ilipopinduka kwa dhoruba, akazama. Mwaka uliofuata Johnson alifanywa Ashidikoni wa Nyasa. Cheo hicho hakikumwondoa ufukweni.

Liuli yenyewe ilipata kuonja mapema matunda ya habari isiyofika. Agosti 1914 vita vilitangazwa Ulaya. Nahodha Mwingereza Rhoades, wa meli iitwayo Gwendolen, alipata simu ya maandishi. Nahodha Mjerumani Berndt, ambaye meli yake Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa ufukweni Liuli kwa matengenezo, hakuwa amepata chochote. Wawili hao walikuwa marafiki wa miaka. Mizinga ilipolia, Berndt alifika akiwa amekasirika, akidhani mwenzake amelewa. Akafanywa mfungwa siku hiyohiyo. Watu huisimulia kwa kicheko, lakini miaka minne iliyofuata haikuwa ya kuchekesha kwa wapagazi na wakulima wa Ruvuma.

Katika miaka yake ya mwisho Johnson aliandika vitabu viwili kwa Kiingereza, kimoja juu ya ziwa na watu wake, kilichotoka 1922, na kingine cha kumbukumbu zake mwaka 1924. Umri ulikuwa umepita sabini, jicho lilikuwa dhaifu zaidi, naye bado alikuwa akitembea kijiji kwa kijiji. Mwaka 1928 mwezi wa Oktoba alifariki Liuli akiwa na miaka 74, wakamzika hapo, kati ya watu ambao Biblia yao aliitafuta vinywani mwao.