Louison Bobet: bingwa aliyeteswa na kiti ya kinga

Tarehe 30 mwezi wa saba mwaka wa 1955, muji wa Paris ulikuwa unangojea mutu mumoja: Louison Bobet, Mufaransa, mwenye kuvaa shati ya manjano ya Tour de France. Siku ile alishinda mashindano hayo kwa mara ya tatu, tena kwa kufuatana: 1953, 1954 na 1955. Mbele yake hakuna mutu alikuwa amefanya vile. Mubelgiji Philippe Thys alikuwa amekwisha kushinda mara tatu, lakini si mwaka kwa mwaka.

Watu walipiga makofi sana. Lakini bingwa yule alifika na kidonda kibaya, tena fasi ile ambayo mutu anaona haya kuitaja: pale anapokalia kiti ya kinga.

Tunaleta maisha yake leo juu hapa kwetu, kuanzia kwa vijana wa toleka kule Kisangani mpaka kwa wachuuzi wanaotoka mbali na muzigo wa mawese, kuna watu wengi wanaoshinda juu ya kinga. Wengi wao wanajua maumivu hayo, ila wanayanyamazia.

Mutoto wa mupika mikate

Bobet alizaliwa tarehe 12 mwezi wa tatu 1925, katika muji mudogo wa Saint-Méen-le-Grand, jimbo la Bretagne, magharibi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa anapika na kuuzisha mikate. Baba alikuwa anaitwa Louis, na mutoto naye Louis, basi ili wasichanganyikiwe, mutoto akaitwa Louison, ni kusema Louis mudogo. Akiwa angali kijana alianza kupeleka mikate kwa kinga.

Hakuanza kama simba. Katika Tour yake ya kwanza, mwaka wa 1947, milima ilimushinda akaacha njiani, na watu wakamucheka kwamba ni mutu wa kulia-lia. Mwaka uliofuata alivaa shati ya manjano kwa siku fulani na akamaliza wa 4. Mwaka wa 1950 akawa wa 3. Mwaka wa 1951 akashinda Milano–San Remo na Tour ya Lombardia kule Italia. Alikuwa mutu wa kujisukuma: akishindwa, anarudi kufanya mazoezi.

Mwaka wa 1953 ndipo mulango ulifunguka. Kwenye mulima Izoard, katika Alpes, aliwaacha wengine wote. Kando ya barabara kulikuwa Fausto Coppi, bingwa mukubwa wa Italia, ambaye mwaka ule alikuja tu kutazama. Mwaka wa 1954 Bobet akashinda Tour tena, kisha akawa bingwa wa dunia kule Solingen, Ujerumani.

Kidonda cha mwaka wa 1955

Tour ya 1955 ilikuwa na zaidi ya kilomita 4 400, katika siku 22 za mashindano. Mutu anakaa juu ya kiti saa sita, saa saba, hata zaidi, kesho yake anaanza tena. Siku ya kupanda mulima Ventoux jua lilikuwa kali sana, na mwenzake Jean Malléjac akaanguka barabarani bila fahamu. Bobet alishinda siku ile. Kwenye mwisho, Mubelgiji Jean Brankart alikuwa wa pili, nyuma yake kwa karibu dakika tano.

Lakini muda wote huo majipu yalikuwa yanamutesa. Namna gani yanakuja? Ngozi inasuguana na kiti maelfu ya mara. Jasho linailowesha, vumbi linaingia. Kwenye shina la unywele panafunguka kidonda kidogo, microbe inaingia, panavimba, panajaa usaha. Mutu akipumuzika siku chache, mara nyingi inapona. Lakini mashindano hayatoi siku za kupumuzika namna hiyo. Zaidi, wakati ule kaptula za wanamichezo zilishonewa ngozi ya munyama ndani yake. Ikikauka bila kupakwa mafuta, inakuwa ngumu na inakwaruza.

Kisha Tour, waganga walilazimika kumupasua na kuondoa nyama iliyoharibika. Hebu fikiri: mutu ameshinda milima yote ya Ufaransa, halafu analala kitandani kwa sababu ya fasi ndogo kuliko kiganja cha mukono.

Hakufa moyo. Mwezi wa ine 1956 alishinda Paris–Roubaix, barabara ya mawe inayoogopwa na wote. Lakini Tour ya mwaka ule hakuikimbia, na hakushinda Tour tena hata siku moja. Mwaka wa 1957 alikosa Tour ya Italia kwa sekunde 19 tu. Mwaka wa 1959, akiwa na miaka 34, alipanda mulima Iseran, zaidi ya meta 2 700, akafika juu, akashuka kwenye kinga, akaacha mashindano. Hatuwezi kusema ni kidonda pekee kilichomumaliza. Miaka nayo ilikuwa inapita. Ila mwaka wa 1955 ndio ulikuwa wa mwisho kwake kuvaa manjano ndani ya Paris.

Baadaye alipata aksida ya gari karibu na Paris akaumia vibaya. Alitibiwa kwa maji ya bahari, akaona faida yake, na mwaka wa 1964 akafungua kule Quiberon, katika Bretagne yake, nyumba ya kutunza watu kwa maji hayo. Alikufa kwa ugonjwa wa kansa tarehe 13 mwezi wa tatu 1983, siku moja kisha kutimiza miaka 58.

Kwa mutu anayeendesha mbali

Ukienda kuchagua kiti, usidanganywe na ulaini. Unapokaa, uzito wako unabebwa na mifupa mbili ya matako. Kiti kinapaswa kubeba mifupa hiyo. Kikiwa chembamba sana, mifupa inaning'inia kando na uzito unaangukia nyama ya katikati. Kikiwa kipana sana, mapaja yanasuguana nacho. Na kikiwa laini sana kama muto, mifupa inazama ndani, na nyama ya katikati ndiyo inaumia, zaidi kwenye safari ndefu. Ili kujua kipimo chako, kalia kipande cha karton juu ya ubao, inama kidogo mbele, kisha simama: utaona alama mbili. Kiti kibebe alama zote mbili.

Urefu pia ni muhimu. Weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: muguu unyooke bila kuvuta kiuno. Kiti kikiwa juu sana, matako yanacheza kushoto na kuume, na hapo ndipo ngozi inaanza kuchubuka. Kiti kilale sawasawa, pua yake isiangalie mbinguni. Na kiti ya ngozi iliyolegea na kubonyea katikati kama machela, ikaze ao ubadilishe.

Kila kisha dakika chache, simama juu ya pedali ngozi ipate hewa na damu itembee. Ukifika, vua nguo yenye jasho mara moja, oga, kausha vizuri. Ukiona pameanza kuvimba, pumuzika siku mbili tatu, usikamue jipu. Likiongezeka ao homa ikiingia, nenda kituo cha afya bila kuona haya.

Tunajua kwa mutu wa toleka siku tatu bila kazi ni siku tatu bila chakula nyumbani. Ndiyo maana ni afazali kutengeneza kiti leo, wakati ngozi ingali muzima, kuliko kulala wiki nyingi kwa sababu ya kidonda kilichofichwa.